Fungu, Furu na Daraja la Tatu

Katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, dagaa mmoja hana bei. Bei huanza pale mkono wa mama anayeuza unapokusanya kiasi fulani juu ya turubai, ukakisogeza pembeni, kikawa fungu. Zaidi ya fungu kuna sado, zaidi ya sado kuna ndoo, zaidi ya ndoo kuna gunia, na wafanyabiashara wanaosafirisha mzigo kwenda Dar es Salaam au Kongo huzungumza kwa magunia tu. Watu hubishana juu ya bei, tena kwa sauti. Juu ya fungu lenyewe hawabishani. "Ongeza basi, mayu," mteja husema, naye mama huchota kiganja kimoja cha juu na kukimwagia. Nyongeza hiyo haikuandikwa popote, lakini fungu lisilo na nyongeza halijakamilika, na muuzaji anayeinyima huona wateja wakihamia meza ya jirani.

Mtu anayeishi kando ya ziwa hili la Victoria hutumia maneno ya makundi tangu alfajiri hadi usiku bila kuyasikia. Watoto wa shule za msingi huyakariri. Mwalimu anasema "nyuki", darasa linaitikia "bumba". Kuni, tita. Ndizi, mkungu. Viatu, jozi. Khanga, doti. Pamba, robota. Watu, umati. Waingereza nao wana orodha yao, tena ya zamani: mwaka 1486 kilichapwa kitabu kiitwacho The Book of Saint Albans, cha mambo ya uwindaji na ndege wa kuwindia, na ndani yake mna majina ya makundi ya wanyama, ya ndege, na hata ya watu wa kazi mbalimbali. Ilikuwa elimu ya waungwana. Kwa kutaja kundi la kulungu kwa jina lake, mtu alionyesha alikolelewa. Mtoto wa Mwanza leo hukariri orodha zote mbili, ya Kiswahili kabla ya mapumziko na ya Kiingereza baadaye, na zote mbili humfikia zikiwa zimetengwa na mikono iliyozizaa.

Hilo ndilo linalonisumbua. Orodha hufundisha kana kwamba vitu vilizaliwa vimeshakusanyika. Kuni hazijikusanyi. Kuna mtu aliyeingia porini huko Magu au Misungwi, akaokota, akakata, akapanga, akafunga kwa gome la mti, na ukubwa wa tita ni kiasi ambacho shingo yake inaweza kukifikisha nyumbani. Tita la msichana ni dogo kuliko la mama yake, na yote mawili ni matita kamili. Robota la pamba halimjui mtu wa namna hiyo: mashine ya kiwanda cha kuchambua pamba imelibana na kulifunga, na moja hulingana na jingine kwa sababu mnunuzi yuko mbali na hana haja ya kumfahamu mkulima. Mkungu wa ndizi unaoletwa kutoka Bukoba haukupangwa na binadamu wala na mashine. Mgomba wenyewe uliupanga, chane juu ya chane, na binadamu alichofanya ni kusubiri na kukata.

Neno la kundi likisikilizwa vizuri humtaja pia aliyekusanya. Ndiyo maana kabla ya kulikubali neno lolote la kundi nataka kujua mambo mawili: ni mkono wa nani uliolifunga, na ndani yake wamo akina nani.

Nianze na dagaa, kwa kuwa wao ni riziki ya ufuko huu. Ziwani dagaa hutembea makundi kwa hiari yao, ila kundi linalofika mwaloni limeundwa na taa. Wavuvi hutoka usiku wa giza, siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kuchomoza, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa na dagaa hawasongamani. Zamani ilikuwa karabai. Sasa taa nyingi ni za betri na umeme wa jua. Ukisimama kwenye vilima vya Bwiru usiku wa aina hiyo, utaona mianga imejipanga majini kama mtaa wa mji mwingine. Chini ya kila mwanga samaki wadogo wanapanda, wanazunguka, wanabanana, hadi wavu unapowazingira. Mwezi ukikomaa mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na watu wa kambini hulala usiku sawa na watu wengine.

Katika mtumbwi wa dagaa mna watu wachache tu, na ukiwauliza ninyi ni akina nani, hakuna atakayejibu kwamba wao ni kundi. Watamtaja tajiri wao, yaani mwenye mtumbwi na nyavu, au watataja kambi yao. Mapato yakishatolewa gharama za mafuta na chakula hugawanywa, tajiri na sehemu yake, wavuvi na yao, na ugomvi mwingi wa mialoni unahusu gharama hizo: nani aliziandika, nani aliziona. Serikali nayo ina jina lake kwa watu hawa. Inawaweka katika vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo mwaloni kila mtu huviita BMU, na kupitia hivyo viongozi huchaguliwa, mitumbwi huhesabiwa, na wenye nyavu haramu, makokoro na timba, hukamatwa. Mvuvi yuleyule ni mtu wa tajiri usiku, mwanachama wa kikundi mchana, na mwana wa fulani akirudi kwao Ukerewe. Kila jina lina mkono wake, na kila mkono unamdai kitu.

Mitumbwi ikitia nanga, dagaa huingia mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaonunua wabichi kwa ndoo, wanaoanika juu ya mchanga, juu ya mawe, juu ya chanja, wanaogeuza, wanaotazama mawingu. Mvua ikinyesha mchana, dagaa waliokuwa chakula cha watu huwa chakula cha kuku, na bei huporomoka kabla jua halijazama. Kwa hiyo mama wa Kirumba anapokumwagia fungu, mna humo usiku usio na mwezi, na mafuta ya tajiri, na mgongo wa aliyeinama kuanika. Nadhani ndiyo sababu ile nyongeza ina uzito. Ni mahali pekee katika safari nzima ya dagaa ambapo mtu hutoa bila kuhesabu, na hutoa akimtazama usoni anayempa.

Lakini neno la kundi linaweza kuficha, na katika ziwa hili halikuficha popote zaidi kuliko lilivyoficha ndani ya furu.

Furu ni samaki wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, wenye miiba ya kumsumbua mlaji asiye na subira. Kwa mvuvi na kwa mpishi walikuwa furu, basi. Hadi miaka ya 1970 walijaa kiasi kwamba karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa na nyavu za kukokota za watafiti ulikuwa wao, na Mwanza kulijengwa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Samaki anayesagwa kwa tani hahitaji jina la peke yake.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza. Mmoja wao alikuwa Frans Witte; baadaye alikuja Tijs Goldschmidt, ambaye aliandika kitabu kuhusu miaka yake huku. Walimwaga mavuno ya nyavu mezani na kuanza kutenga samaki mmoja mmoja. Wakakuta kwamba jina moja, furu, lilikuwa limebeba aina nyingi mno. Kwa ziwa zima leo zinahesabiwa kuwa zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wapo waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Wapo waliokwangua mwani juu ya mawe, waliochuja vijidudu vya majini, waliowinda samaki wenzao. Jike wa furu hulea mayai na watoto mdomoni, na kulikuwa na aina nzima iliyoishi kwa kuwashambulia majike wa aina nyingine ili wateme watoto hao waliwe. Haya yote yalikuwa yakiendelea chini ya kivuko cha Kamanga, chini ya mitumbwi iliyovuka kwenda Sengerema, chini ya neno moja. Aina mpya ziliibuka haraka kuliko wataalamu walivyoweza kuzieleza rasmi, hivyo wakazipa kwanza majina ya utani.

Kisha sangara akafika. Alikuwa ameingizwa ziwani tangu miaka ya 1950, upande wa Uganda, na kwa miaka mingi hakuonekana kuwa kitu. Katikati ya miaka ya 1980 akalipuka katika Ghuba ya Mwanza. Maji nayo yalikuwa yakibadilika: udongo wa mashamba na uchafu wa miji vilirutubisha mwani, mwani ukanywa hewa ya chini na kuzuia mwanga. Nyavu za watafiti zilizokuwa zikipanda na furu wa kila sura zikaanza kupanda na sangara karibu watupu. Wanasayansi hukadiria kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka katika muda mfupi kiasi cha kushuhudiwa na mtu mmoja. Ni mojawapo ya maangamizi makubwa kabisa ya wanyama wenye uti wa mgongo ambayo binadamu wa zama hizi ameyaona yakitokea.

Na mialoni watu walisema nini? Walisema furu wamepungua.

Walisema kweli. Kundi hupungua. Wakiwa mia wakabaki sitini, wamepungua. Na aina nzima ikifa na nyingine ikabaki, nayo jina lake ni kupungua, maadamu neno ni moja. Hakukuwa na matanga ya aina 200 kwa sababu mbele ya macho ya jamii hazikuwahi kuwa 200. Simlaumu mvuvi wala mpishi. Sangara alileta viwanda vya minofu Mwanza, akaleta ajira, akaleta mapanki yaliyokaangwa kwa wasioweza kununua mnofu, na mtu mwenye watoto sita wa kulisha hawezi kudaiwa atofautishe mla konokono na mkwangua mawe. Nasema tu kwamba hasara ilipita mlangoni petu, ikasalimiana nasi kwa jina la kundi, na hatukuitambua.

Miongoni mwa waliobaki nataka kuwataja wawili. Mmoja alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Mwenzake ni Pundamilia pundamilia, na dume wake ni wa buluu iliyofifia. Wote wawili huishi kwenye miamba ya visiwa vya hapa, na majike wao hufanana sana. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kinachozitenga aina za namna hii ni chaguo la jike: humtambua dume wake kwa rangi. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, mwekundu ni mwekundu na wa buluu ni wa buluu. Ukiingia ndani ya ghuba maji huwa na tope, mwanga haufiki vizuri, rangi hazitofautiani, na aina huchanganyika. Ndani kabisa huwapati tena wawili. Unapata samaki wa rangi hafifu, wasio wa upande huu wala ule. Hakuna aliyewala, hakuna aliyewavua hadi wakaisha. Mpaka kati yao ulihitaji mwanga, na mwanga uliondolewa na udongo uliotoka kwenye mashamba yetu.

Kwa binadamu mpaka huwekwa kwa makusudi zaidi. Wasukuma wamegawa ngoma zao pande mbili tangu karne ya 19: Bagika, wanaomfuata mwasisi wao Ngika, na Bagalu, wanaomfuata mwasisi wao Gumha. Baada ya mavuno, na hasa wakati wa sikukuu ya Bulabo huko Bujora, pande hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jopo la kukaa mezani na kalamu. Mtazamaji akichoshwa na upande huu huhamia ule, na kuhama kwake ndiyo hukumu. Napenda sana utaratibu huu. Umati, ambao kwingine ni neno la watu wasio na sura, hapa una akili na una miguu, na mchezaji anajua kwamba kila anayeondoka ameondoka kwa sababu.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijiunga kwa sababu ya mizani. Waliamini kwamba wanunuzi wanawapunja uzito, na mapema katika miaka ya 1950 wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa kiongozi, vilizaliwa vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kikuu chenye makao Mwanza. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, serikali ya kikoloni ilikataza TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Chama cha kuuza pamba kiliruhusiwa, chama cha kudai nchi kilikatazwa, na waliokaa chini ya mti kusikiliza walikuwa mara nyingi watu walewale. Uhuru ulipokuja, ushirika huo ukawa mkubwa, ukajenga majengo ambayo bado yanaonekana mjini. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na katika miaka ya 1980 ikavirudisha. Watawala wa kila aina hujua kwamba mkulima mmoja mwenye malalamiko anaweza kuachwa aseme, na wakulima wenye jina lao na mizani yao ni jambo jingine.

Yapo pia majina ya makundi yanayotengenezwa na wanaoandika habari, na moja kati ya hayo linanitia hofu kila ninapolisoma: wananchi wenye hasira kali. Mtu ameuawa kwa mawe na moto. Magazeti yanasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo. Kanda hii imeshuhudia pia mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi, baadhi yao kwa kosa la kuwa na macho mekundu baada ya miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe katika jiko lenye moshi. Katika taarifa wao huitwa vikongwe, na waliowaua huitwa watu wasiojulikana. Makundi mawili, sentensi moja. Mama mwenye jina, mwenye wajukuu, mwenye shamba ambalo pengine kuna mtu aliyelitamani, anazikwa ndani ya neno la kwanza. Na kijana aliyeshika panga, ambaye pengine kijiji kizima kinamfahamu, anapewa hifadhi ndani ya la pili. Mwandishi hakukusudia. Lakini mkono uliolifunga fungu hilo ni wake, na sisi tunaosoma bila kuuliza tunamsaidia kulikaza.

Na sasa nimefika kwenye neno ambalo siwezi kulipita haraka. Neno hilo ni abiria.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba usiku, ikapitia Kemondo na kuongeza watu na mizigo. Meli hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1979, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Hilo si jambo dogo la kiofisi. Aliyelipa nauli kubwa aliandikwa jina. Aliyelipa nauli ndogo, aliyekaa chini na mzigo wake, aliingia melini akiwa sehemu ya kundi, na meli ilipozama alizama akiwa bado ni sehemu ya kundi. Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa karibu 900, na itabaki ikitajwa hivyo, kwa "karibu", kwa sababu hakuna mkono uliowahesabu walipokuwa hai. Ilipopinduka, meli ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, na waokoaji walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Chuma kikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiwashikilia ikatoka, na meli ikaenda chini nao. Miili mingi iliyopatikana ilizikwa Igoma, mashariki ya mji, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika huko kuwaombea.

Hakuna familia ya Kagera wala ya Mwanza iliyompoteza abiria. Ilimpoteza shangazi, ilimpoteza kijana aliyekuwa akirudi chuoni, ilimpoteza mpangaji wa chumba cha uani ambaye alikuwa amekwenda kwao kuzika. Msiba wetu hujengwa juu ya jina. Mtu akiingia msibani huuliza: ni nani, ni wa nani, anazikwa wapi. Juu ya majibu hayo ndipo vinapowekwa vitu vingine vyote, turubai, chakula, michango, sala, siku ya kuanua matanga. Sasa chukua nyumba ambayo mtu wao hakurudi, mwili haukupatikana, na orodha haikuwepo. Wanaanzaje? Wanathibitishaje, hata kwa wao wenyewe, kwamba alipanda? Pengine alikosa meli. Pengine alibaki Kemondo. Kwa mama, hiyo pengine ni mzigo wa maisha yote, na alibebeshwa na mtu aliyeona kwamba nauli ndogo haihitaji kalamu.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo ziwa lilitufundisha. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio huko Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa mita chache tu kabla ya gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliokuwa ufukweni wakiwasubiri ndugu zao waliyaona yote. Na tena, kwa siku kadhaa, swali la kwanza halikupata jibu: walipanda wangapi? Baadhi ya wahudumu walikuwa wamekufa na vifaa vya kukatia tiketi vilikuwa vimezama, kwa hiyo hesabu ilifanywa kwa kunyanyua maiti. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu Bukoba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa kukata tiketi mwenyewe.

Mambo yanajengwa, na nafurahi yanapojengwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya magari yaliyosubiri kivuko pale Kigongo, pamoja na wauza mahindi na mayai walioishi kwa foleni hiyo, imebaki kuwa simulizi. Lakini Ukara haina daraja, Kome haina daraja, na Bukoba iko mbali. Watu wataendelea kupanda meli. MV Mwanza, iliyoshushwa majini katika bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na ina madaraja yake, ya juu na ya chini.

Meli kubwa ni jambo jema. Ninachokiomba kwa ajili yake ni kidogo, tena ni cha dirishani, si cha kiwandani. Karani aulize jina la kila anayepanda, na la mtoto anayebebwa mgongoni. Aliandike kwa herufi zinazosomeka. Aongeze jina la kijiji na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa. Nakala ibaki nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa. Na kazi hiyo aianze kwa walionunua tiketi ya bei ya chini.